Baba Kijacho na Sanduku la Jirani

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66 za lami, na sehemu kubwa ni mteremko. Unaondoka huku juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, umevaa sweta na koti. Unafika kule ziwani, kwenye mita 470 na ushee, umebaki na fulana na jasho. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, kila upande ukabaki na hali yake ya hewa. Mimi ni Mmatengo wa mlimani. Mke wangu ni Mnyasa wa ufukweni. Mimba ya kwanza ilipoingia, mpaka wa wilaya ulihamia sebuleni kwetu.

Orodha za vifaa zikaanza kumiminika. Ya kwanza ilitoka kliniki, nayo ilikuwa fupi: kanga safi, mpira wa kutandika, glavu, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, beseni, nepi, kofia na soksi za mtoto, na fedha ya usafiri wa dharura. Ya pili ilikuwa ya mama yangu: blanketi, sweta, blanketi jingine. Ya tatu alituma mama mkwe kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mawimbi: "Chandarua, baba. Na kanga. Hayo masweta msimlundikie mjukuu wangu, mtoto si gunia la kahawa."

Ya nne aliileta shemeji yangu anayesoma Dar es Salaam, ambaye aliipakua kwenye simu. Humo mlikuwa na mashine ya kupasha joto vitambaa vya kupangusia, kipimajoto cha maji chenye umbo la bata, na redio ya kumsikiliza mtoto akiwa chumba kingine. Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukuta usiofika darini. Mtoto akilia kwetu, mjumbe wa mtaa anajua kabla ya baba yake.

Kisha likaja suala la muda wa kununua. Wazee wa pande zote mbili, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mboga, walikubaliana kwamba kumnunulia nguo mtoto ambaye hajazaliwa ni uchuro. Kliniki wanasema jiandaeni mapema. Wazee wanasema msitangulie. Tukapata suluhu ya Kitanzania: vitu vikanunuliwa bila kununuliwa. Vilitiwa kwenye sanduku, likakaa kwa jirani, na kila aliyeuliza aliambiwa ni karatasi za mitihani zinazosubiri kusahihishwa. Mke wangu ni mwalimu. Hakuna mtu aliyejitolea kusaidia.

Fedha nayo ilikuwa na kalenda yake. Mtoto alitarajiwa katikati ya Juni, na mtu wa Mbinga anajua maana ya Juni: kahawa ndiyo kwanza inachumwa, malipo bado yako mbali. Kabla ya hapo ndipo wanapojitokeza watu wa magoma, wale wanaonunua kahawa ingali juu ya mti kwa bei ya kutupa. Biashara hiyo imekemewa miaka nenda miaka rudi, lakini kaka yangu alikuwa na furaha ya kuitwa baba mkubwa, na furaha haina subira. Akauza gunia lake kwa magoma. Mwezi wa Aprili zawadi ikashuka kutoka juu ya basi la Songea: gari la kusukumia mtoto.

Niseme haki, lilikuwa gari zuri. Lilikuwa na kivuli, mkanda, breki, na mahali pa kuwekea chupa. Tatizo lilikuwa ardhi. Babu zetu Wamatengo waliitazama milima hii wakachimba ngoro, yale mashimo ya mraba yaliyozungukwa na kingo, ili mvua isiteremke na udongo wao. Watu waliotumia karne nzima kuhakikisha hakuna kinachoporomoka, unawaleteaje kitu chenye magurudumu manne?

Siku ya majaribio mama aliagiza kwamba badala ya mtu tupakie maharage. Tulipofika kwenye mteremko nilivuta breki. Breki ilishika, udongo ndio haukushika. Gari liliteleza na breki zake, likampita mjumbe, likaamkiwa na wanafunzi wa darasa la kwanza, likaishia kwenye ngoro ya jirani. Jirani hakudai fidia. Baada ya siku chache alianza hata kutushukuru, maana maharage yalikuwa yameota.

Mtoto hakusubiri Juni. Alikuja Mei, kabla ya siku zake, akiwa na kilo 2.3. Hapo ndipo nilipoiheshimu orodha ya kliniki. Kanga zilitumika, mpira ulitumika, pamba, beseni, kibanio, vyote hadi cha mwisho. Tukaleta na lile sanduku la jirani kwa fahari. Nesi akapekua, akatoa kofia, soksi na nepi, akafunga.

"Vingine rudisheni nyumbani."

"Sasa mtoto atavaa nini, dada?" mama yangu akauliza, mkono mmoja juu ya blanketi.

"Atamvaa mama yake. Mama akichoka, atamvaa baba."

Ndiyo huduma ya kangaruu. Mtoto aliyezaliwa mdogo huwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwani kofia, akafungwa kwa kanga asiteleze, na joto la mzazi likawa ndilo sweta. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walipokuwa na vichanga wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watoto njiti na wenye uzito mdogo waanze kuwekwa kifuani mara tu wanapozaliwa, bila kusubiri kwanza wakae kwenye mashine. Kwa maneno mengine, katika vitu vyote vilivyomo kwenye orodha zetu, kilichohitajika zaidi kilikuwa kifua, na hicho hakuna aliyekiandika.

Zamu yangu ilikuwa jioni. Sasa jaribu kuwaza: Mbinga, Juni, ukungu umeshuka, na mwanamume amekaa sebuleni kifua wazi, amezungushiwa vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Nkhata Bay, huku kichwa kidogo kikichungulia chini ya kidevu chake. Ndipo wazee wa jumuiya wakapiga hodi kuja kutoa hongera. Mzee mmoja alinitazama, akamtazama mke wangu aliyekuwa anakunywa uji kwa utulivu, akanitazama tena, akauliza kwa heshima zote: "Samahani, aliyejifungua ni nani?"

Uzito ulipopanda na sanduku likafunguliwa rasmi, nguo za mwezi wa kwanza zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Kulikuwa na viatu pia, tena vya ngozi, vya mtu asiyejua kusimama. Chupa za kunyonyeshea ziliondoka mapema zaidi, kwa kuwa kliniki walishatuambia kwamba miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Baba yangu alipoona zimekaa bure, na zina alama za mililita, alizichukua za kupimia mrututu wa mibuni. Akaziandika SUMU kwa rangi nyekundu, akazifungia stoo. Bwana shamba alipokuja akasema hajawahi kuona mkulima anayepima dawa kwa usahihi namna ile.

Nepi zina sura yake. Nepi ya kitambaa ni rahisi, inafulika, haina matatizo yoyote mahali penye jua. Mbinga ya Juni na Julai jua ni mgeni wa mchana, anakuja amechelewa na anaaga mapema. Nepi zikaanikwa juu ya jiko la kuni, zikakauka vizuri, ila mtoto akawa ananukia mbasa wa kubanika. Mama mkwe alipoambiwa kwa simu alifurahi sana, akasema damu ya ziwa hiyo. Tukahamia pampasi, na mfuko wangu ukaanza kulia usiku kuliko mtoto. Mwisho tulisuluhisha: pampasi usiku na safarini, vitambaa mchana, na pasi ya mkaa kumalizia pale jua liliposhindwa.

Oktoba tulimteremsha mtoto kwenda kuwaona watu wa ziwani. Mama yangu alimvalisha yeye mwenyewe, na juu ya yote akaweka vazi moja la mtumba, nene, lenye masikio ya sungura na mkia, lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine. Mlimani, alfajiri, lilimpendeza. Kadiri basi lilivyoshuka, sungura alizidi kuwa mwekundu. Pale stendi mama mkwe alimpokea, akamtazama, akakaa kwenye benchi na kuanza kumvua mbele ya bodaboda wote. Likatoka sungura. Ikatoka sweta. Ikatoka fulana ya mikono mirefu. "Mmeniletea mjukuu," akasema, "au mmeniletea kitunguu?" Mtoto alipobaki na nepi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tupande basi, na kesi ikawa imehukumiwa.

Gari nalo tulilibeba, kwa kuwa kaka alishatuuliza mara nyingi linaendeleaje. Kwenye mchanga wa Mbamba Bay lilizama hadi ekseli. Wapwa zangu walichukua magurudumu wakatengeneza mkokoteni wa ndoo za dagaa, na kitambaa kikawa kiota cha kuku anayetaga. Chandarua cha mwavuli tulichokinunua kwa bei ya kustaajabisha alikipokea paka, akazaa ndani yake. Mtoto alilala ndani ya chandarua chenye dawa ambacho mama yake alipewa bure alipoanza kliniki. Ziwani mbu hawana mchezo, na kule kwetu mlimani, japo mama anaapa kwamba hawapo, nesi alitukumbusha kwamba mbu haogopi sweta.

Na kanga? Kanga ndiyo ilimpokea mtoto, ikamfunga kifuani, ikambeba mgongoni, ikawa pazia la kunyonyeshea ndani ya basi, shuka kwa mama mkwe, na kamba ya kumning'iniza kwenye mizani ya kliniki siku ya kuangalia kama mstari uko kwenye kijani, kijivu au nyekundu. Inafulika, inakauka upesi hata Mbinga, na mtoto akikua mama anabaki na nguo yake. Hakuna gari linaloweza hayo.

Kwa hiyo, baba kijacho unayesoma hapa, fuata orodha ya kliniki neno kwa neno. Ongeza doti za kanga mpaka muuzaji akuulize kama unafungua duka. Nunua beseni kubwa, chupa ya chai inayoshika moto mpaka alfajiri, na kofia mbili za sufu ikiwa unaishi mlimani. Nguo za mtumba zichukue za ukubwa wa mbele, viatu mwachie atakayejua kutembea. Usiguse magoma. Fedha itakayobaki usiitafutie kitu cha kununua. Mpe mama wa mtoto aishike, maana homa ikimpanda mtoto saa nane za usiku, bodaboda hapokei sweta.