Pambo la Bure
Jirani yangu hapa Elerai, bibi mstahiki asiyependa israfu, aliazimu kuipamba sebule yake kwa gharama hafifu. Basi akakusanya chupa tupu, akanunua gundi, rangi, kamba ya katani na gauni la mitumba la soko la Kilombero alilolichana kuwa maua, hata alipopiga hesabu akakuta pambo la bure limekwisha kumlia fedha za kununulia kabati. Simcheki, hasha, kwani karakana ya Shanga, iliyoanza hapa Arusha mwaka 2007, huyeyusha chupa kama hizo zikawa shanga na bilauri, na watalii huzinunua kwa furaha. Ila wale ni mafundi. Kwenye chupa ya tatu ya jirani, chini ya maua, lebo ya Konyagi haijabanduka. Na mwenye nyumba ni mzee wa kanisa.