Kijani ni Kijani, Bosi!

Desemba ikinukia, mbunifu wa Kikenya katika karakana ya uchapaji huko Al Quoz huota rangi nne tu: nyekundu, kijani, nyeupe na nyeusi. Tarehe 2 ni sikukuu ya Emirati, na bendera yao ya 1971. Tarehe 12 ni Jamhuri, na wenzako wa Deira wanataka mabango ya bendera ya 1963. Rangi ni zilezile nne, folda ni moja, na bosi ameshasema: "Faili zote zifuate rangi tulizoidhinisha."

Anza kwa kufumba jicho moja, rudi nyuma hatua mbili, useme "iko sawa." Ukaguzi huu ni wa haraka na umewarudisha wengi nyumbani kabla ya viza kuisha.

Usipoaminiwa, fungua faili ya SVG kwa programu ya maandishi matupu. Usishtuke: mle hamna picha, ni maneno. Tafuta alama ya reli. Kila moja inavuta herufi na tarakimu sita. Rangi zilizoidhinishwa ni nne, utakuta kumi na tisa. Kijani peke yake wamo saba, na kila mmoja anaapa kuwa ndiye mtoto wa ndoa. Tusilaumiane. Sisi ni watu wa "damu ya mzee". Kijani ni jani, na la mchicha au la mwarobaini, nani aliwahi kuuliza?

Halafu kuna zinazojificha. Tarakimu sita zimefupishwa kuwa tatu. Nyingine zimeandikwa kwa majina, maana SVG inayatambua 147, na humo kijivu kiitwacho "cha giza" kinang'aa kuliko kijivu cha kawaida. Nyeusi unaweza kuitafuta hadi alfajiri usiione: umbo lisilotajiwa rangi hujazwa nyeusi lenyewe, bila kumwandikia mtu barua. Na kijani halali kikipunguzwa uzito nusu juu ya nyeupe, msimbo unabaki msafi kama kanzu ya Ijumaa, huku machoni ni rangi ambayo hakuna aliyeitia sahihi. Ukikuta picha ya kamera imebandikwa ndani ya faili, funga kompyuta ukanywe karak.

Ukirudi, badilisha kila kijani katika folda nzima kwa mkupuo mmoja, kisha nyekundu. Kagua tena: rangi nne, zote halali, hakuna hata moja ya ziada. Mpigie bosi kwa sauti ya mshindi. Chukua faili ya juu kabisa, chapisha mita sita, itundikwe mlangoni kwa mteja usiku wa tarehe 1.

Asubuhi atakupigia mteja mwenyewe. Rangi hana neno nazo, zimempendeza sana. Anauliza tu ile ngao na mikuki miwili ya katikati ni ya nini.