Niulize Shemeji wa Dubai

Nikitaka kujua kinachoendelea hapa Bwera, Uganda, nampigia simu shemeji yangu aliye Dubai. Yeye analinda jengo usiku, na pale mapokezi kuna televisheni kubwa ya habari isiyozimwa saa 24. Kwa hiyo anajua kila kitu. Mimi ninayeishi karibu na daraja la Mpondwe la kuvukia Kongo sijui lolote, maana nimekaa tu mahali penyewe.

Juni 2022 alinipigia alfajiri, sauti inatetemeka. "Mmekwisha! M23 wameteka mpaka!" Nikatoka mbio na kaptula. Mpakani malori yako kwenye foleni, akina mama wanavuka na mabeseni kichwani, kijana wa boda boda anagombana na abiria juu ya nauli. Nikamwambia pako salama. Hakukubali. "Mimi nimeona ramani," akasema. Kumbe mpaka uliotekwa na waasi hao wa Kongo ni wa Bunagana, kule Kisoro, ambako ukitoka kwetu utapanda na kushuka magari mchana kutwa. Lakini ukiwa studio za mbali, Uganda na Kongo zina mpaka mmoja tu, uliochorwa kwa kalamu nene.

Afadhali shemeji, yeye hofu yake anaila huko huko. Mwaka 2019 habari zilituharibia hapa hapa nchini. Mwezi Juni mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo alikutwa na Ebola. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 3, wote wa familia hiyo, na wote walifariki. Watu wa afya wakafanya kazi iliyotukuka: maji ya klorini kila mlango, kupimwa joto kwenye paji la uso, kumfuatilia kila aliyewagusa, na ugonjwa haukuenea kwetu. Hiyo sehemu ya mwisho haikusafiri mbali. Iliyosafiri ni kwamba Ebola imeingia Uganda, na picha za watu waliofunikwa nguo nyeupe hadi machoni. Baadaye ukipanda basi la Kampala ukateleza ulimi ukaitaja Bwera, jirani anakumbuka ghafla kwamba alitaka kukaa nyuma. Mama mkwe wangu alisafiri amejinyoosha kwenye viti viwili hadi mwisho. Anasema ndiyo faida pekee aliyowahi kupata kutoka kwa waandishi wa habari.

Vita vya Ukraine tulielezwa vizuri mno, kwa vifaru, mishale myekundu na majenerali wastaafu. Hakuna aliyetueleza kwa nini kipande cha sabuni dukani kilipanda bei vile mwaka huo huo wa 2022. Rais alipotushauri siku ya Mei Mosi kwamba mkate ukikosekana tule mihogo, kuna waliokasirika Kampala. Sisi tunaokula mihogo, bundu na sombe, tangu tuote meno tulitazamana tu. Hiyo nayo ni habari?

Kwa lililofuata sina mzaha. Usiku wa 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapa kwetu, wakachoma bweni, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na wengine wakawachukua mateka kuelekea msitu wa Virunga. Kamera za dunia zilikuja, sikatai. Tukasikia 25, halafu 37, halafu 41, kila kituo na idadi yake, huku wazazi wakisubiri vipimo vya vinasaba kwa sababu watoto walioungua hawakutambulika. Tarehe 18, siku mbili tu baadaye, chombo kiitwacho Titan kikapotea baharini kikiwapeleka watu 5 kuitazama meli ya Titanic. Dunia ikageuza shingo.

Sina ubaya na wale 5. Nao walikuwa na watu wao nyumbani. Lakini shemeji alinifundisha habari zao nikazihifadhi: Titanic iko chini karibu mita 3,800, tiketi ilikuwa dola 250,000, hewa waliyoondoka nayo ilikuwa ya saa 96. Kituo kimoja kiliweka hata saa pembeni mwa kioo, inahesabu kurudi nyuma. Shemeji ananisomea: zimebaki 40, zimebaki 30. Nikamuuliza, na hawa waliochukuliwa na ADF, wao wamebakiwa na saa ngapi? Akanyamaza kidogo. "Ngoja," akasema, "labda watasema baada ya matangazo ya biashara." Mashua iliyozama karibu na Ugiriki siku chache kabla, na mamia ya wahamiaji ndani yake, nadhani nayo ilikuwa ikingojea matangazo yaishe.

Kabla wenye kamera hawajaondoka hapa kwetu walituletea wachambuzi. Tukaambiwa ADF ni tawi la Islamic State, tishio jipya katika eneo hili. Jipya! Novemba 1996 walishambulia Mpondwe hii hii, baba yangu akakimbia na godoro kichwani, redio akaiacha mezani inazungumza. Ule utawi ulikuja miaka mingi baadaye. Ila mchambuzi aliyekuwa London hakuwa na nafasi ya mambo ya 1996. Alipewa muda mfupi, na nusu yake akautumia kushukuru kwa kualikwa.

Mimi habari za ng'ambo ya mto nazipata kwa mama anayeuza mawese sokoni. Bei ya dumu ikiruka, anajua barabara ya Beni, kule Kongo, ina neno. Kakao ikianza kuingia kwa wingi na kwa bei ya kutupa, anajua kuna watu wanahama. Wakati ule wa shambulio la shule ripota mmoja alimsimamisha mbele ya kamera, naye akaeleza kwa utulivu: njia zipi askari wanapita na zipi hawapiti, nani alikuwa na wasiwasi tangu mapema, na kwamba watu wa Kasindi, upande wa Kongo, na sisi ni ndugu wa lugha moja, tunaoana na kuzikana, mto tu ndio uko katikati. Jioni tukajazana kumtazama. Alionekana akifungua mdomo, kisha sauti ya mtu mwingine ikasema juu yake, "Tunaogopa." Mama akashika kiuno. "Mimi nimesema hivyo saa ngapi?"

Na redio zetu za hapa zisijifiche. Habari za dunia wanazisoma kwenye simu, White House kwanza, Kasindi ikibaki nafasi. Lakini wakifika kwenye matangazo ya vifo na mali iliyopotea, ndipo utajua tuna waandishi. Juzi alipotea mbuzi. Tukaambiwa rangi yake, sikio lipi lina pengo, kamba ni ya aina gani, alionekana mara ya mwisho wapi na alikuwa anaelekea upande gani, mwenye mali ni nani, simu yake, na zawadi kwa atakayempata. Jamani, nitangazieni vita vya Kongo kama mbuzi huyo! Vilionekana wapi mara ya mwisho, vinaelekea upande gani, mwenye mali ni nani.

Jioni wakarudia tangazo. Kesho yake asubuhi, kabla hata ya Washington, wakatujulisha kwamba mbuzi amepatikana Karambi, ana afya njema, na mwenye shamba la mihogo aliloharibu anaombwa afike kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, wakaelewane.