Namba Nyingi, Marmota Mmoja

Marekani usimuulize mtu aliyekulia shamba swali dogo kuhusu bunduki. Muulize dini yake, muulize kampigia nani kura, atakujibu kwa kifupi na mtaagana salama. Lakini thubutu kusema, "Jirani, nataka kabunduki kadogo ka kumwondolea mnyama mmoja bustanini," uone. Kahawa itachemshwa. Viti vitavutwa. Shemeji yake atapigiwa simu aje, naye atakuja na gari, na ndani ya gari mna bunduki za mfano.

Mnyama mwenyewe ni marmota. Ukoo wake ni wa kindi, ila ukimwona utasema huyu ni pimbi wa majabali ya Serengeti aliyefika ughaibuni akakuta chakula cha bure. Kilo nne, kilo tano, mkia mfupi, meno ya mbele ya kukatia chochote ulichokipanda kwa jasho. Anatoka shimoni asubuhi umande haujakauka, anakula, anaota jua, anarudi jioni. Mashimo yake yana milango zaidi ya mmoja, kwa hiyo ukiziba huku anakuchungulia kule. Alianza na maharage yangu, akaja kwenye matembele, akamalizia na mchicha ambao mbegu zake zilisafiri kutoka Tanga ndani ya soksi. Waya? Nimezungushia waya. Huyu mnyama anachimba, na asipotaka kuchimba anapanda juu.

Tena ninakoishi ni jimbo hili hili la Pennsylvania ambako kila tarehe 2 Februari wanaume wazima hukusanyika mji wa Punxsutawney kabla jua halijachomoza, wamevaa suti nyeusi na kofia ndefu, wakamtoa marmota mmoja kwenye kisiki na kumuuliza majira yatakuwaje. Akiona kivuli chake, baridi inaongezewa wiki sita. Walianza mchezo huo mwaka 1887. Mwaka huo huo wa 1887 ndipo kampuni ya Stevens ilipotoa ile risasi ndogo ya .22 Long Rifle, ambayo mpaka leo watoto wa kijijini hujifunzia shabaha. Sisemi kuna uhusiano. Nasema tu ulikuwa mwaka mbaya kwa ukoo wa marmota.

Mimi nilidhani hiyo .22 inatosha. Haina kelele nyingi, haina teke, bei yake ni ya chini kuliko zote dukani. Jirani yangu, mzee mstaafu mwenye shamba la soya, akanisikitikia kwa macho. Risasi ile, alisema, fataki yake imo kwenye ukingo wa kitako cha ganda, na ganda lenyewe ni jembamba, halihimili baruti nyingi. Mpige marmota kwa mbali na hiyo, atajiburuta hadi shimoni akafie huko polepole, jambo ambalo si la kiungwana. Tena karisasi kale kakigonga jiwe kanaruka na kwenda kutembelea majirani. Unahitaji risasi yenye fataki katikati ya kitako, ganda nene, kasi kubwa, ndogo kwa umbo. Hapo nilikubaliana naye kabisa. Laiti mazungumzo yangeishia hapo.

Maana sasa ndipo zilipokuja namba. Jamani, hizi namba! Kuna .218 Bee, kuna .219 Zipper, .220 Swift, .221 Fireball, .222 Remington, .223 Remington, .225 Winchester. Mtu mwenye akili timamu atadhani ni ngazi, kwamba kila moja ni nene kidogo kuliko iliyotangulia, achague kama anavyochagua saizi ya kiatu. Hapana. Zote hizo zinarusha risasi ya unene mmoja: inchi 0.224, yaani milimita 5.7 hivi. Hakuna hata moja katika hizo iliyoandikwa unene wake wa kweli. Weatherby ndio waliotoa risasi mwaka 1963 wakaiita .224, wakasema ukweli mtupu, na leo nenda duka lolote la kawaida ukaiulizie, uone muuzaji atakavyokukodolea macho.

Halafu kuna zenye kistari. .22-250: hiyo 250 ni ukumbusho wa ganda la zamani, .250 la Savage, lililobanwa shingo likazaa hili. Sawa. Lakini ganda hilo la Savage lilikuwa likiitwa .250-3000, na hapo 3000 ni kasi ya risasi, futi kwa sekunde. Ile .30-06 ya jeshi, 06 ni mwaka 1906. Na .45-70, 70 ni uzito wa baruti. Kistari ni kile kile, ila baada yake unaweza kukuta mzazi, kasi, mwaka wa kuzaliwa au kipimo cha baruti, na ole wako uulize ni kipi. Uzito nao hawapimi kwa gramu kama watu. Wanapima kwa greni, na greni 7,000 ndizo ratili moja. Risasi ya greni 55, ambayo wataalamu wanaijadili kwa saa nzima kama ni nzito mno au la, ni gramu tatu na nusu. Sukari ya chai yangu ni nzito kuliko hiyo.

Babu yangu kule Handeni alikuwa na gobore. Halikuwa na namba. Lilikuwa na mdomo, na mdomoni ulitia baruti, ukashindilia makumbi, ukatia vipande vya chuma vilivyopatikana siku hiyo. Nguruwe mwitu wakishuka kwenye mahindi, babu alilifyatua hewani, na watu wote wa kitongoji, nguruwe wakiwamo, wakatawanyika. Ngedere aliwaachia wajukuu na madebe. Hakuna aliyemfuata barazani kumwambia angelinunua lenye shingo iliyobanwa.

Jirani ni mtu wa .220 Swift, aliyorithi kwa baba yake. Winchester waliitoa mwaka 1935, na risasi ya greni 48 ilitoka mtutuni kwa futi 4,110 kwa sekunde, mita 1,250 na ushee. Kwa miaka ile ilikuwa maajabu. Mzee huitaja kasi hiyo bila kuulizwa, hata tukiwa tunazungumzia mvua. Asichokitaja haraka ni kwamba kasi hiyo inakula mtutu kwa joto, na mpigaji asiye na subira huumaliza mapema. Nilikaa nikapiga hesabu. Kutoka pembe ya banda langu hadi kwenye mashimo hapazidi mita 120. Ile .223 ya kawaida, inayotoka kwa mita 980 hivi kwa sekunde, inachelewa kuifuata Swift kwa muda usiofika hata nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Marmota hawezi kumeza ubua wa haragwe katika muda huo. Nilimwonyesha mzee karatasi. Akasema hesabu haijawahi kuwinda.

Muuzaji wa duka yeye ni wa .204 Ruger, ya mwaka 2004, karisasi ka greni 32 kanakokimbia hata kuliko Swift. Kwa heshima, hii inastahili sifa moja: imeandikwa .204 na kweli ni inchi 0.204. Lakini upepo wa pembeni ukivuma, kitu chepesi hivyo kinakwenda unakotaka upepo. Kijana wa jirani anataka ninunue bunduki inayofanana na ya jeshi, magazini ya risasi 30, kwa mnyama ambaye akisikia mlio wa kwanza anazama ardhini hadi kesho. Na kaka mmoja Mkenya aliyeko Texas alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kupita hotuba ya harusi, akisisitiza .243 Winchester, kwa sababu inaua mbweha wa huko, inaua paa, na inaweza hata nguruwe pori. Nikamwambia, kaka, hapa kwetu hakuna nguruwe pori. Akasema watakuja.

Kinachonikera zaidi ni mtutu mzito. Kila niliyezungumza naye alinisukumia bunduki yenye mtutu mnene wa inchi 26, sentimita 66, bunduki ambayo ukiibeba hadi mwisho wa shamba unahitaji kupumzika kabla ya kulenga. Sababu yake ipo, ila haiko Pennsylvania. Kule South Dakota na majirani zake wa nyanda kavu kuna wanyama wadogo wa ukoo huu huu, wanaishi kwa makundi makubwa, na mwindaji anakaa kwenye meza anafyatua kutwa. Mtutu mwembamba ungewaka moto, ukaanza kutawanya risasi. Mnene unachelewa kupata joto. Haya, sasa mimi nina marmota mmoja. Nitafyatua mara moja, basi, maana hatangoja ya pili. Mtutu wangu utapata wapi joto? Lakini hivyo ndivyo ilivyo: mtu amesoma yanayofanywa na wenye shida kubwa, anamuuzia mwenye shida ndogo.

Serikali, kwa kulinganisha, haikunisumbua kichwa. Nilikaa darasani kwenye mafunzo ya uwindaji pamoja na watoto wa miaka 11, wote wakijua zaidi yangu, nikapata leseni. Dukani nikajaza fomu namba 4473, nikaandika nilikozaliwa na namba yangu ya ukaazi, jina likakaguliwa na mfumo wa polisi wa jimbo. Hakuna aliyeniuliza naonaje kuhusu .22-250. Sheria yenyewe inaeleweka: usiwinde kwa bunduki ndani ya yadi 150, mita 137, za nyumba yenye watu bila ruhusa ya wenyewe. Jirani alinipa ruhusa mara moja, kwa sharti nitumie Swift.

Mke wangu ndiye aliyeuliza swali la maana. "Ukimkosa, hiyo risasi inaishia wapi?" Wanaume wote wale, na kahawa yote ile, hakuna aliyeliuliza. Jibu ni kwamba risasi ya .223 isiyokutana na kitu inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili, na kilomita mbili kutoka kwetu ni barabara, zizi la ng'ombe na nyumba za watu. Ndiyo maana risasi nyepesi zenye ncha ya plastiki ni bora: zikigonga udongo kwa kasi ile zinasambaratika, haziruki kirahisi. Na ndiyo maana hufyatui kama nyuma ya mnyama hakuna kilima au tuta la udongo, hata awe amekaa akikuchekea. Kelele nayo ni ya kuumiza, kipimo chake kinapita desibeli 140, na sikio likiharibika halifufuki. Kwa upande huo .22 Hornet, ya tangu 1930, ndiyo ya adabu kuliko zote: mlio wake ni wa chini kidogo na mita 120 inazimudu vizuri. Tatizo lake ni kuipata. Rafu za dukani zina kasha moja au hakuna, na bei yake inakufanya umsamehe marmota.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeko Ohio, Kansas au kokote wanakokula mchicha wako, chukua .223 Remington. Ni mtoto wa risasi ya jeshi, ile ya M16, ikaingia madukani mwaka 1964, na kwa sababu inatengenezwa kwa wingi kuliko dada zake zote utaikuta hata kwenye duka linalouza chambo za samaki. Mtutu wa kawaida. Risasi ya greni 50 au 55. Darubini ya kukuza mara tisa, usikubali kuuziwa ya kutazamia mwezi. Hela inayobaki nunua vizuia kelele vya masikio vilivyo imara. Na wenye .22-250 wakikucheka, waulize marmota wao hufa mara ngapi.