Kozi Moja, Wachaguzi Ukoo Mzima

Wenyeji huiita Morogoro mji kasoro bahari, na kwa kweli ukiiweka bahari kando ni kazi kutaja kingine kinachokosekana, hasa ukihesabu vyuo vikuu. Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, kimejibanza chini ya milima ya Uluguru. Chuo Kikuu cha Waislamu kiko Msamvu, Jordan iko Kola, na ukishika barabara ya Iringa unakutana na Mzumbe. Basi vyuo vikifunguliwa mwishoni mwa mwaka, mji hujaa matranka, magodoro na vijana wanaotembea wamekumbatia bahasha ya vyeti kama mtu aliyebeba mayai. Wengine hushuka na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024, wengine na mabasi ya Msamvu. Wote hupokelewa na mshauri wao wa kwanza wa masomo, ambaye ni konda wa daladala.

Konda hana muda wa maelezo. Mgeni akisema "chuo" ataulizwa kipi. Akisema "SUA" ataulizwa SUA ipi, maana ipo ya kampasi kuu na ipo ya Mazimbu, upande mwingine wa mji, kwenye majengo ambayo hadi 1992 yalikuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini na mpaka leo yana jina la Solomon Mahlangu. Akisema "Mzumbe" bila kuongeza neno, anaweza kushushwa kwenye geti la Shule ya Sekondari Mzumbe, ile ya wavulana wenye vipaji, akajikuta amerudishwa kidato cha tano.

Lakini mkasa wa kozi hauanzii stendi. Unaanzia nyumbani, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka.

Chukua binti mmoja wa Nyandira, kule Mgeta, aliyemaliza CBG: kemia, baiolojia na jiografia. Waluguru, wenyeji wa huko, hufuata ukoo wa mama, na hata ardhi hurithiwa kwa njia hiyo, kwa hiyo kikao cha kuchagua kozi kiliongozwa na mjomba. Baba alihudhuria kama mwalikwa. Mama alitaka uuguzi. Shangazi alitaka sheria, kwa hoja kwamba mtoto huyu tangu utotoni hakubali kosa. Baba alipopewa nafasi alisema udaktari, halafu akaambiwa muda wake umekwisha. Mwenyewe alipoulizwa, mwisho kabisa, alisema kilimo.

Mjomba, mkulima wa kabichi kwa maisha yake yote, akaweka kikombe chini. "Mama," akamwambia kwa upole, "jembe lile pale mlangoni. Lile halijawahi kuulizia cheti cha kidato cha sita."

Chaguo la mjomba lilikuwa Mzumbe, na hakulitoa hewani. Mahali pale palianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafunda machifu na watumishi wa serikali za mitaa, pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Kwa mzee wa Mgeta, Mzumbe ndiko wanakotoka watu wa kukaa upande ule wa meza ambako mkulima hupiga hodi. Ukiangalia vizuri, alikuwa na hoja kuliko shangazi.

Binti naye hakuwa mnyonge. Akauliza mbuzi wa maziwa walioko bandani walitoka wapi. Kila mtu Mgeta anajua ni uzao wa mbuzi wa Norway. "Na walipita wapi kabla ya kupanda huku mlimani?" Walipita SUA, iliyowaleta Mgeta mwishoni mwa miaka ya 1980. Mjomba akatazama banda, akatazama chai yenye maziwa mkononi mwake, akatoa uamuzi wa kiungwana: aombe kote kuwili.

Hapo ndipo lilipochipuka balaa. Ingekuwa enzi za CAS, mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uliotumika kuanzia 2010, kompyuta ingepokea maombi ya nchi nzima, ikampa kila mtu nafasi moja na kumaliza ugomvi wa koo. Tangu 2017 mwombaji anabisha hodi chuo kwa chuo, na kila chuo kinajibu kivyake. Kuingia mlangoni si kugumu sana kwenye karatasi: masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, ambapo A ni tano na E ni moja, maana yake hata D mbili zinatosha. Lakini kozi zenye wapenzi wengi haziishii mlangoni. Vijana wanaotaka udaktari hulijua hilo mapema, na wengine hujikuta kwenye udaktari wa mifugo, miaka mitano kamili, huku kijijini imeshatangazwa tu kwamba mtoto anasomea udaktari. Likizo ya kwanza akirudi, foleni uani inaanza na bibi mwenye goti na kuishia na ng'ombe mwenye kwato, na ni mmoja tu kati yao anayeondoka na matumaini.

Maombi yenyewe yalifanyiwa steshenari, karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambako kijana mmoja hutoa kopi, hupiga picha za pasipoti, hujaza fomu za mkopo na kupanga mustakabali wa taifa. Ni yeye anayemwambia mteja "usiweke hiyo, weka hii, haina watu." Alimfungulia binti barua pepe, nywila akaiandika kwenye kaunta buku lake, na buku likabaki dukani. Namba ya simu ikawekwa ya mjomba, kwa kuwa kitochi chake hukaa na chaji wiki nzima.

Vyuo vyote viwili vikamtaka. Aliyechaguliwa zaidi ya mahali pamoja hutumiwa namba ya siri ili athibitishe anakokwenda, na ya binti ikaingia kwenye kitochi. Mjomba si mtu wa kuchezewa. Ujumbe wenye tarakimu, kutoka kwa mtu asiyemfahamu, unaomhimiza afanye jambo haraka kabla ya tarehe fulani? Aliwajua hao. Ni walewale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii." Akaufuta. Binti, bila kujua, akaomba namba nyingine. Ikaja, ikafutwa nayo, na mjomba akalalamika sebuleni kwamba matapeli wa siku hizi hawana hata haya ya kupumzika.

Siri ya namba hizo ilipofichuka, ya tatu ilipokelewa na ukoo mzima ukiwa umekizunguka kitochi. Mjomba akaisoma tarakimu moja moja kwa sauti ya mtu anayefungisha ndoa, akiamini anamthibitisha mpwa wake Mzumbe. Binti akaiingiza kwenye ukurasa wa kilimo. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna pia aliyeuliza swali. Na kwa kuwa gari la Mgeta hutokea Sangasanga, jirani kabisa na Mzumbe, siku ya safari hakuna aliyeshuhudia kwamba hakushuka pale.

Usajili wenyewe una mitihani kabla ya mitihani. Kuna fomu ya afya, namba ya malipo na vyeti halisi, halafu kuna majina. Cheti cha kuzaliwa kina herufi "h", cha kidato cha nne hakina, na kitambulisho cha NIDA kinayo lakini mahali pengine. Dawa yake ni kiapo mbele ya wakili, anayethibitisha kwa mhuri kwamba mwenye "h", asiye na "h" na mwenye "h" iliyohama ni binadamu mmoja. Baada ya hapo mwanafunzi huambiwa habari za krediti: shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa kumi za kazi, zikiwemo za darasani na za kujisomea. Saa za foleni hazihesabiwi.

Ratiba nayo huwa na mitego yake. Kipindi kimeandikwa 07:00, mgeni anatokea saa saba mchana, ameoga, amepaka mafuta, anakuta wenzake wameshaenda kula.

Ukijumlisha hayo yote, kuanzia kikao cha ukoo, unamwonea wivu Magawa. Panya buku huyu alizaliwa SUA mwaka 2013, akafunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Hakuitiwa kikao. Hakuna shangazi aliyemshauri asomee sheria.

Ukweli uliufikia mlima wiki chache baada ya masomo kuanza, na mjomba hakupiga simu kugombeza. Alikuwa na shida. Kabichi zinaliwa, alisema. Viwavi wadogo wa kijani, ukiwagusa wanajirusha na kuning'inia kwenye uzi. Sasa kwa kuwa nyumba ina mtaalamu, awafanyeje?

Binti akameza mate. Katika wiki hizo alikuwa amesoma kemia ileile ya kidato cha sita, amesoma DS, yaani Taaluma za Maendeleo, na katika Stadi za Mawasiliano walikuwa wamefika kwenye uandishi wa barua rasmi. Akamweleza hivyo hivyo.

Simu ikanyamaza kidogo.

"Basi waandikie hao viwavi," mjomba akasema. "Nakala kwa Mzumbe."