Gari Lisilopiga Hodi

Toyota ilianza kuuza Prius, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, huko Japani mwaka 1997, na kwa mteremko huu wetu wa Marangu hadi Moshi ungedhani walimtengenezea Mchaga. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini hapafiki hata 1,000. Ukishuka, kila unapogusa breki mota inageuka jenereta na kuijaza betri. Mlima unakulipa kwa kuuteremka!

Lakini nenda kihambani Desemba uone kilichoegeshwa chini ya migomba. Nissan Juke, taa zake kubwa za mviringo zimeshukia kwenye bampa. Nissan Cube, kioo cha nyuma kimezunguka kona ya upande mmoja tu, kana kwamba mchoraji aliitwa kula kabla hajamaliza. Hayo hakuna anayeyahoji. Itajwe haibridi, ukoo mzima unageuka mafundi umeme: "Na betri ikifa, je?"

Kosa la haibridi hasa ni adabu iliyozidi. Umetoka Dar na gari lako, halafu linapenya getini kwa umeme, kimya, mbwa hajainua hata kichwa. Babu, kibuyu cha mbege mkononi, anakupokea kwa huruma: "Karibu mjukuu wangu. Noah imekushushia wapi?"

Mwenye Juke wakati huo keshazungukwa na shangazi wote, wanamuuliza bei. Anawatajia, na kila shangazi anapata ya kwake.