Mawaidha ya MB 14

Mawaidha ya nusu saa yaliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde yana uzito wa MB 14 na ushee. Tuseme mada yake ni israfu, na tuseme yamemgusa mkazi wa Temeke hata akayasikiliza kila usiku kwa wiki nzima. Programu iliyoundwa vizuri huyapakua mara moja, ikayaweka ndani ya simu, na usiku wa pili ikayasoma humo humo. Kuna nyingine, na hizi ndizo zinazotafuna bando za watu, huyapakua upya kila usiku, kana kwamba shehe huenda amebadili msimamo watu walipolala. Wiki ikiisha, MB 100 zimeteketea, na 86 kati ya hizo ni israfu ile ile iliyokuwa ikikemewa. Nashuku programu hizi hujaribiwa ofisini kwa Wai-Fai ya mwajiri, ambako MB hazina mwenyewe. Mtengenezaji angepewa kifurushi cha saa 24, kasoro ingeonekana kabla ya chai ya saa nne.

Watetezi wa programu hizi husema data iliyohifadhiwa huchacha. Ni kweli: ukiifuata ratiba ya boti ya Zanzibar ya mwezi uliopita, utabaki bandarini na mabegi yako. Phil Karlton, mhandisi aliyefanya kazi Netscape, anakumbukwa kwa utani wake kwamba sayansi ya kompyuta ina mambo mawili tu magumu, na mojawapo ni kujua lini nakala iliyohifadhiwa imepitwa na wakati. Lakini ugumu huo haulazimishi kupakua kila kitu upya. Tangu HTTP 1.1 itoke mwaka 1997, simu inaweza kuiuliza seva: faili hili, lenye alama hii, limebadilika? Kama bado, seva hujibu 304, basi, bila kutuma faili. Mazungumzo mafupi kuliko salamu za watu wa Pwani. Wengine hulalamikia nafasi, na simu ya GB 16 hujaa kweli. Ila ukichungulia kilichoijaza utakuta video za kicheni pati kutoka kundi la harusi. Isitoshe, Android ina folda maalumu ya nakala za namna hii, na nafasi ikibana mfumo wenyewe huweza kuzifuta bila kumuuliza mtu.

Hoja ya siri naikubali bila ubishi. Taarifa ya benki isibaki kwenye simu wanayochezea watoto gemu. Hiyo ipakuliwe upya kila mara, maana salio la wengi wetu halizidi baiti chache.